Maikrofoni Yenye Masikio Mawili

Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi maneno machache juu ya kinasa sauti kipya, ambacho sisi wanafunzi wa zamani tulichanga fedha kukinunulia chama cha muziki. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu kazi hii nimeifanya miaka mingi, na kwa sababu ya pili nitakayoieleza mbele. Chombo chenyewe ni kidogo, chaenea kiganjani. Juu yake mna maikrofoni mbili ndogo zilizopishana vichwa, moja yaelekea kushoto na moja kulia. Nasikia ya kuwa likizo ijayo vijana wataka kukichukua kwenda kunasa amadinda, ngoma na nyimbo za vijijini kwao. Basi, kabla hawajafunga mizigo, na wasome haya.

Swali la kwanza huulizwa kila mara: kwa nini maikrofoni mbili? Je, moja haitoshi? Mwenye swali hilo na akae uani jioni moja, afumbe macho. Mtoto akilia nyuma ya nyumba, atajua ni nyuma ya nyumba. Mchi ukipiga kinu kwa jirani, atakuonyesha kwa kidole jirani yupi. Hakuna aliyemfundisha. Ajua kwa kuwa masikio yake ni mawili, nayo yametengana kama sentimita 17 au 18. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Itokapo kushoto, hulifikia sikio la kushoto kwanza na la kulia baadaye kidogo. Kidogo mno, kwa maana hata ikitoka ubavuni kabisa tofauti haifiki sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena kichwa hulikinga sikio la mbali, hata likapokea sauti iliyofifia. Kwa mambo hayo mawili, kuchelewa na kufifia, akili hukadiria mahali. Maikrofoni moja haiwezi. Yenyewe hupokea kila kitu kupitia tundu moja, na ukisikiliza baadaye wote waliokuwa uani wanaonekana kana kwamba walisimama mlangoni, mmoja nyuma ya mwenzake.

Aliyelipatia jambo hili dawa mapema alikuwa Mwingereza, fundi wa mambo ya umeme, jina lake Alan Blumlein. Husimuliwa kwamba alikwenda sinema na mke wake mtarajiwa akachukizwa kuona mchezaji yuko upande mmoja wa kitambaa, na sauti yake yatoka upande mwingine. Mwaka 1931 alipeleka serikalini maelezo ya uvumbuzi wake, na ndani yake mna maikrofoni mbili zilizowekwa mahali pamoja na kuelekezwa pande mbalimbali. Blumlein hakuishi kuona santuri za stereo zikiuzwa madukani. Alikufa mwaka 1942 ndege ilipoanguka, wakati wakijaribu mtambo wa rada vitani. Lakini vile vichwa viwili vilivyopishana juu ya kinasa sauti chetu ni wajukuu wa fikira yake.

Sasa nirudi kwetu, maana hapa ndipo penye sababu yenyewe.

Amadinda kila mmoja wetu ameiona: mbao 12 za mti wa lusambya, zimelazwa juu ya magogo mawili mabichi ya mgomba, na vijiti vimechomekwa katikati ili mbao zisitembee. Wachezaji ni watatu. Wa kwanza, omunazi, huanza, na zamu yake ya mapigo huitwa okunaga. Wa pili, omwawuzi, hukaa ng'ambo, wakitazamana, naye hutia mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, moja baada ya moja, kama meno ya juu na ya chini. Wa tatu, omukoonezi, hushika mbao mbili zilizo nyembamba kuliko zote kwa sauti. Wawili wale wa kwanza wakishika mwendo, mapigo yao kwa pamoja hupita 400 kwa dakika. Masikio hayawezi tena kuyatenga. Na jambo la ajabu ni hili, kwamba msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao azipigaye: nyimbo zinazaliwa kati yao. Gerhard Kubik wa Austria, aliyekuja Kampala mwaka 1959 akafundishwa amadinda na Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, aliandika sana juu ya jambo hilo.

Basi fikiri mtu amenasa amadinda kwa maikrofoni moja. Amepata wimbo, ndiyo, na ni mzuri kusikiliza. Lakini kijana atakaye kujifunza kutoka humo afanyeje? Atajuaje pigo hili ni la omunazi au la omwawuzi? Ni kama kupewa nguo na kuambiwa uonyeshe uzi gani ulitangulia.

Wala hili si jambo la kubahatisha. Katika jumba la Kabaka huko Mengo palikuwa na entenga, ngoma 15, na katika hizo 12 zilitengenezwa zitoe sauti za wimbo kama mbao za amadinda. Watu wanne walipiga zile 12, na wawili wakapiga zile tatu kubwa. Hugh Tracey alipopita Uganda mwaka 1950 na 1952, entenga ilikuwa miongoni mwa muziki wa jumbani alionasa. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mwangalizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alinasa muziki mwingi wa nchi hii katika miaka hiyohiyo. Kisha Mei 1966 jumba la Mengo likashambuliwa na majeshi, Kabaka akakimbilia ng'ambo, na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Wapigaji walitawanyika na vyombo vikapotea. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, miaka 27 ilikuwa imepita, na kijana aliyepiga ngoma siku ile alikuwa mzee. Kanda za wale wazungu zikawa mali kuliko walivyodhani wenyewe. Ila zilinaswa kwa maikrofoni moja. Mikono minane imo ndani yake, nayo imefungwa katika kitita kimoja. Kuifungua kwahitaji mzee aliye hai wa kusema huu ulikuwa mkono wangu.

Sisemi hivi kumlaumu Tracey. Stereo haikuwa bado kitu cha kubebwa safarini. Mitambo yake ilichukuliwa kwa gari, na mashine ya kufulia umeme ilibidi iwekwe mbali, isije ikanguruma ndani ya wimbo. Naye alikuwa na ustadi wake: alishika maikrofoni mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji aimbapo na kwa zeze lipigwapo, kama mpishi aonjaye vyungu vingi. Lakini ninyi msimwige katika hilo hata kidogo. Maikrofoni ya stereo ikisogezwa, dunia yote husogea pamoja nayo: aliyekuwa kushoto ahamia kulia katikati ya ubeti, na msikilizaji apata kizunguzungu. Yetu huwekwa mahali ikaachwa.

Mahali gani? Hapa ndipo penye kazi, na vitufe vyote vya chombo havilingani na neno hili moja.

Ukiweka stendi mbele ya amadinda kwa ubavu, nyuma ya mmoja wa wachezaji, utapata mbao nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Wimbo utatembea toka kushoto kwenda kulia, na watu wengi huona ni kuzuri. Lakini mgongo wa mchezaji unazuia sauti, na wale wawili bado wamechanganyika. Mimi naona heri kuweka stendi kwenye ncha ya chombo, pale magogo ya mgomba yanapoishia, maikrofoni ikiangalia katikati ya magogo mawili. Amadinda hupigwa penye ncha za mbao, kila mtu ncha zilizo upande wake. Basi ule mgongano mkali wa fimbo na ubao, ambao ndio mwanzo wa kila pigo, watoka kushoto kwa mmoja na kulia kwa mwenzake. Mlio wa ubao wenyewe huenea kote, hauwezi kutengwa kabisa, lakini sikio hushika ule mwanzo na hilo latosha. Ncha ipi? Ya mbao nyembamba au nene? Jaribuni zote mbili. Ncha ya nyembamba itampa omukoonezi nguvu kuliko haki yake. Ncha ya nene itamficha. Mimi huchagua nene, kisha nainua stendi mpaka maikrofoni iwe juu kidogo ya vichwa vyao na kuiinamisha, ili umbali wa mbao za mwanzo na za mwisho ukaribie kulingana.

Kuhusu umbali, shikeni kanuni moja ya fizikia mliyokwisha kufundishwa darasani: mahali pa wazi, ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Toka mita 1 hadi mita 2 ni desibeli 6. Toka 2 hadi 4, ni 6 nyingine. Lakini kelele za mbali, mathalani pikipiki barabarani, hazipungui hata chembe kwa kuwa ninyi mmesogea mita moja. Basi mkikaa mbali mno mnakaribisha barabara katika wimbo. Mkikaa karibu mno, ubao ulio mbele yenu huwameza wengine. Kwa amadinda mita moja na nusu yafaa. Kwa kundi la waimbaji na ngoma, tatu. Kwa mzee mmoja asimuliaye, nusu mita tu, naye aketi katikati barabara.

Maikrofoni hizi mbili zilizopishana hutazama kwa pembe ya nyuzi 90. Kwa kuwa vichwa viko mahali pamoja, sauti huvifikia kwa wakati mmoja, na tofauti iko katika nguvu tu. Kuna watu wapendao kuzitenga. Mafundi wa redio ya Ufaransa walipanga zao kwa umbali wa sentimita 17 na pembe ya nyuzi 110, karibu na mpango wa masikio ya binadamu, na kwa kweli ukisikiliza kwa hedifoni huwa kama umeketi hapohapo. Lakini mna hasara moja. Sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina mawimbi ya urefu wa sentimita 34. Ikitoka ubavuni na kuzikuta maikrofoni zilizotengana sentimita 17, moja hupata mlima wa wimbi wakati mwingine yapata bonde. Atakayesikiliza kwa simu yenye spika moja, ambapo pande mbili huchanganywa, mlima na bonde vyafutana, na sehemu ya sauti hupungua. Vijijini kwetu wengi husikiliza hivyo. Kwa hiyo zile zilizopishana zatufaa zaidi, ijapokuwa picha yake ni nyembamba kidogo.

Jambo moja dogo limewapotosha wengi. Chombo kikigeuzwa chini juu, kushoto huwa kulia. Kwa hiyo kila mara, kabla ya wimbo wa kwanza, mmoja wenu asimame upande wa kushoto wa maikrofoni aseme kushoto, ataje na jina la mchezaji aliye upande huo. Kisha ahamie kulia afanye vilevile. Ni sekunde 20 tu. Mtu atakayesikiliza miaka 40 baadaye atawashukuru, kwa maana hatakuwa na njia nyingine ya kujua.

Sasa nguvu ya sauti, na hapa ndipo nitakapoeleza ile sababu yangu ya pili.

Kioo cha chombo huonyesha kipimo cha desibeli chenye sifuri kwenye kilele. Sifuri hiyo ni dari. Kanda za zamani zilikuwa na huruma: sauti ikizidi kidogo, ilikwaruza kidogo. Hizi za leo huandika sauti kwa tarakimu, na tarakimu zikiisha zimekwisha. Kilele cha wimbi hukatwa kama kwa panga, na hakuna fundi wa kukirudisha. Mwaka mmoja nilikwenda kijiji fulani cha Busoga kunasa wazee watatu. Niliwaomba wajaribu, wakapiga kwa utaratibu, kama watu wanaojaribiwa wapigavyo. Nikapandisha kiasi mpaka kipimo kikakaribia sifuri, nikaridhika. Hedifoni nikaivua, kwa sababu ya joto, na kwa sababu ya kutaka kuonekana mwenye adabu mbele ya wageni wengine. Watu wakasikia mlio wakaja. Wanawake wakaingia kucheza, vigelegele vikapigwa, na wale wazee wakapata ujana. Wimbo wa pili hadi wa mwisho wote ulipasuka. Niligundua usiku, nikiwa nimelala kilomita 60 mbali. Nikajiambia nitarudi likizo ijayo, nami nikarudi. Mmoja wa wale watatu alikuwa amezikwa wiki tano kabla. Kanda ile ninayo hata leo. Mapigo yake yamo, upande wa kulia, yakikwaruza kama bati.

Basi fanyeni hivi. Waombeni wapige sehemu wanayoipiga kwa nguvu kuliko zote, siyo ya kuanzia. Wekeni kiasi ili vilele vifike desibeli 12 chini ya sifuri, au hata 18 kama mnajua kutakuwa na wachezaji na vigelegele. Msiogope kuwa sauti ni ndogo. Chombo hiki huandika kwa biti 24, na sauti ndogo iliyo safi huweza kukuzwa nyumbani bila madhara, lakini iliyokatwa haitibiki. Vueni ile kazi ya chombo kujipangia kiasi chenyewe. Simu nyingi hufanya hivyo bila kuuliza: ngoma ikilia hupunguza, ngoma ikinyamaza huongeza, na pumzi za watazamaji zikasikika kuwa kubwa kama ngoma. Na hedifoni isivuliwe. Mmoja wenu awe na kazi hiyo peke yake, hata kama atatoka jasho.

Adui wa pili ni upepo. Kwenye masikio yetu ni burudani. Kwenye maikrofoni ni lori lipandalo mlima. Ile kofia ya sponji iliyokuja na chombo yasaidia kwa pumzi ya msemaji, na kwa upepo mwepesi tu. Nje yahitajika kofia ya manyoya, ambayo huuvunja upepo kabla haujafika. Walio karibu na Ziwa wanajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na alfajiri ni shwari. Kwa hiyo asubuhi ni bora, mkiweza kupatana na majogoo. Chombo kina kitufe cha kukata sauti nzito zilizo chini ya mitetemo 80 hivi. Kwa mzee asimuliaye kitumieni, kitaondoa mingurumo. Kwa ngoma kiacheni! Nimewahi kuletewa kanda ya ngoma kubwa ambayo kijana aliisafisha kwa kitufe hicho, na ngoma imekuwa debe.

Chombo kisishikwe mkononi. Hata kidole kikisogea husikika. Stendi isisimame juu ya mkeka wa wachezaji, wala isiguse magogo ya mgomba, maana mtetemo hupanda kwa miguu ya stendi moja kwa moja. Msiipande mezani kwa mwenyeji. Simu zote zizimwe, siyo kunyamazishwa tu, kwa kuwa simu itafutapo mtandao huweza kutia mdundo wa kukera ndani ya waya. Ndani ya nyumba ya mabati mvua ikianza, fungeni mizigo mkanywe chai, hakuna la kufanya. Kuta tupu za saruji nazo hurudisha sauti mpaka maneno yakaoana. Heri kivuli cha mwembe.

Betri mpya kila asubuhi, na nyingine mfukoni. Juu ya kadi ya kumbukumbu, hesabu yake ni nyepesi, nami naiweka hapa kwa ajili ya kidato cha kwanza. Chombo kikipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, kila kipimo baiti 3, pande 2, ni baiti 288,000 kwa sekunde. Kwa dakika ni kama megabaiti 17, na kwa saa gigabaiti moja na ushei. Kadi ya gigabaiti 32 yachukua karibu saa 30. Basi hakuna sababu ya kutumia ule mtindo wa kubana sauti uitwao MP3, ambao hutupa vipande vya sauti na havirudi tena. Banaeni nakala za kugawa, siyo ya asili. Na jioni ileile, kabla ya kulala, kila kitu kinakiliwe mahali pawili.

Kwa wale ambao likizo watakuwa mbali na chombo hiki, wakiwa na simu mbili tu, wasikate tamaa. Simu moja iwekwe kushoto, moja kulia, na mtu apige kofi moja kubwa mbele ya zote mwanzoni na jingine mwishoni. Kofi ndiyo alama ya kuziunganisha baadaye. Kila simu ina saa yake, na saa hizo hazitembei sawa kabisa. Wimbo wa dakika tano utavumilia, sherehe ya saa tatu itaachana. Picha itakuwa duni, lakini kushoto kutajulikana na kulia kutajulikana.

Zaidi ya hayo kuna njia ya kuwatenga wapigaji ambayo Simha Arom aliitumia katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Alinasa kundi zima kwanza. Kisha alimpa mpigaji mmoja hedifoni, asikie wenzake waliokwisha kunaswa, apige sehemu yake peke yake, na hiyo ikaandikwa mahali pake. Akaenda kwa wa pili hivyohivyo. Kama wazee watakubali, fanyeni, baada ya wimbo wote kunaswa kwa pamoja na kwa raha. Msianze nayo. Mzee aliyetengwa na wenzake kabla hajachangamka hupiga kama mtu aliyeitwa shaurini.

Limebaki neno la ruhusa. Nendeni kwanza mikono mitupu. Msalimieni Jjajja kama wasalimiavyo wajukuu, kwa magoti pale panapotakiwa magoti, mkae, mle mtakachopewa, mumweleze mnataka nini na sauti itakwenda wapi. Mtoeni chombo siku ya pili. Mwulizeni jina lake aandikwe vipi, alijifunza kwa nani, na ni nyimbo zipi zisizofaa kusikiwa na kila mtu. Nyimbo za pacha, mathalani, zina mahali pake, na maneno yake nje ya mahali hapo ni matusi matupu. Akisema hii msiinase, kitufe kizimwe mbele ya macho yake aone. Malipo mzungumze kabla, siyo baada. Na kila kanda ianze kwa sauti yenu kutaja tarehe, kijiji, majina ya wapigaji na jina la wimbo, kwa maana daftari hupotea na sauti hubaki na sauti.

Sehemu kubwa ya kanda za Wachsmann ilikaa London miongo kadhaa kabla ya nakala zake kurudi Chuo Kikuu cha Makerere katika karne hii, na wengi wa walioimba ndani yake hawakuzisikia. Ninyi mnaweza kufanya vizuri kuliko hivyo kwa siku moja. Kabla ya kuondoka, mvikeni mzee hedifoni. Wa kushoto asikie alivyokuwa kushoto, wa kulia vivyo hivyo. Mara nyingi atacheka, kisha atasema mahali fulani walikosea, na wataketi tena kupiga. Hiyo ya pili ndiyo mtakayoihifadhi. Nakala yake wekeni katika simu ya mwana au mjukuu wa kila mpigaji siku hiyohiyo, na nyingine mleteni maktaba ya shule. Nimemwomba mwalimu wa maktaba atenge rafu moja. Kanda yangu ile iliyopasuka nimekwisha kumpa, iwe ya kwanza.